Peleka kero yako kwenye ajenda, usiiache isubiri mengineyo

Desemba ni mwezi wa mavuno kwa fundi cherehani. Shule zimefungwa, wazazi wanaleta watoto wapimwe sare za Januari, na katika chumba changu cha kupanga hapa Moshi marobota ya tetroni huwa yamepangwa chini kwa sababu kabati halitoshi. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2019, Jumamosi moja jioni, mvua iliponikuta nikikata kaptula za bluu za watoto wa darasa la kwanza. Bati lilikuwa linapiga kelele kiasi kwamba sikusikia maji yakiingia. Nilichoona ni kipande cha kitambaa kilichokuwa kimeanguka sakafuni kikianza kutembea. Kilitoka miguuni kwangu, kikapita chini ya meza, kikaenda kugonga ukuta wa upande wa pili.

Kufikia saa mbili usiku maji yalikuwa yamefika kwenye kanyagio la cherehani. Yalikuja na maganda ya ndizi, chupa za plastiki, na tope letu la huku mlimani ambalo likishakaukia kwenye shati jeupe hakuna sabuni ya kulitoa. Nilipoteza mashati kumi na manne yaliyokwisha kushonwa, na yote yalikuwa ya watu.

Jumatatu asubuhi tuliondoka kwenye uchochoro wetu watu saba, tumekasirika, tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji alitusikiliza mpaka kila mtu akamaliza. Kisha akafungua faili, akatoa muhtasari wa mkutano wa Oktoba, akausoma kwa sauti: vipaumbele vya mtaa kwa mwaka wa fedha unaokuja ni taa za barabarani, vyoo vya shule ya msingi, na kifusi kwenye barabara ya sokoni. Akageuza karatasi ili sisi wenyewe tuone. Mtaro wetu, ule uliofurika na kutuletea maji yale, haukuwemo. Akauliza kwa upole kabisa, "Ndugu zangu, mkutano huu mlikuwa wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tangazo lilipita, tulilisikia, gari lenye kipaza sauti lilizunguka mitaani siku mbili. Mimi binafsi nilikuwa na kazi ya mteja. Na nitasema ukweli wote: hata uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 24 Novemba mwaka huo, wiki chache tu kabla ya mafuriko yale, sikwenda. Ofisi ile nilikuwa naijua kwa jambo moja tu, barua ya utambulisho. Nikitaka kufungua akaunti benki au kumdhamini mtu, nakwenda, nagongewa muhuri, nimemaliza nao.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye kama nilivyokuwa mimi siku ile. Vuli ikianza tu, una wiki chache za kufanya jambo ambalo Desemba hutaweza kulifanya tena.

Sisi wa ukanda huu tuna misimu miwili ya mvua: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Watu wengi wanaijua vuli kwa maharage na mahindi ya muda mfupi. Lakini vuli ndiyo pia msimu ambao mipango ya serikali za mitaa inaanzia chini. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na ili fedha iwepo Julai, safari yake inaanza karibu miezi tisa kabla. Oktoba na Novemba mitaa na vijiji vinaibua vipaumbele vyao. Vinapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, katibu wake ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Kutoka hapo vinakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, vinachujwa, na mwanzoni mwa mwaka mpya Baraza la Madiwani linakaa kujadili bajeti. Baadaye inapanda mkoani, TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), halafu Bungeni Aprili hadi Juni.

Sasa angalia maumivu yetu yanakuja lini. Mvua kubwa ya vuli inatukuta mwishoni mwa Novemba au Desemba. Ile ya masika inatukuta Aprili, wakati wabunge wameshakaa Dodoma. Yaani tunapiga kelele wakati mlango umefungwa, na ukifunguka tena Oktoba jua ni kali, mtaro ni mkavu, kuku wanatembea ndani yake, na hakuna anayekumbuka. Nimeshaona mtaa mzima ukilalamika miaka mitano mfululizo kwa mtindo huo, na kila mwaka wakiamini kwamba hawasikilizwi.

Basi mwaka 2020 tulianza mapema. Septemba nilimwendea jirani yangu, mzee mmoja mstaafu aliyewahi kuwa karani wa serikali, nikamwambia, "Shikamoo babu, nataka unifundishe jinsi ya kuiandika kero." Alicheka, akaniambia nilete kiti. Nilikaa naye barazani kwake jioni tatu. Alinieleza jinsi serikali za mitaa zilivyofutwa nchini mwaka 1972, na jinsi huduma za mijini zilivyodorora mpaka halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, halafu sheria za mwaka 1982 zikaziweka upya kote. Aliyasema kama mtu aliyeyaona kwa macho. Mitaro haikuzibuliwa, taka hazikuzolewa, na hapakuwa na baraza la kulilalamikia. "Nyinyi mnalo," akasema, "na mnaliacha likae na watu kumi na tano."

Kisha akaniuliza swali ambalo limenisaidia kuliko yote: "Huo mtaro una ukubwa gani?"

Nikasema mkubwa. Akasema mkubwa si kipimo, wewe ni fundi, mteja akija akakwambia nishonee gauni kubwa utakata kitambaa?

Siku iliyofuata nilichukua kamba ya nailoni, nikaifunga fundo kila mita moja kwa kutumia futi yangu ya kupimia nguo, nikatoka na vijana wawili wa jirani. Tulipima kuanzia pale maji yanapokatisha barabara hadi mwisho wa nyumba zetu: mita 112. Tukapima upana na kina katika sehemu sita. Kwenye kalavati, pale maji yanapopita chini ya barabara, tuliingiza fimbo na kugundua kwamba bomba lake lilikuwa limejaa udongo zaidi ya nusu, na lenyewe ni jembamba kuliko mtaro unaoliingia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini maji yanaruka nje. Miaka yote tulikuwa tunamlaumu jirani wa juu kwa kutupa taka, na taka zilikuwepo kweli, lakini hata zisingekuwepo maji yale yasingepita mle. Niliandika kwenye daftari langu la wateja, ukurasa mmoja kama wa mteja: urefu, upana, kina, kaya zinazoathirika kumi na moja, watoto wanaovuka hapo kwenda shule, tarehe za mafuriko tunazozikumbuka. Nikaambatanisha picha nne za simu zilizopigwa Desemba ile, moja ikionyesha alama ya tope kwenye ukuta wa chumba changu ikiwa juu ya kanyagio.

Karatasi ya namna hiyo inabadilisha mazungumzo kabisa. Mtu anayesema "tunateseka" anajibiwa "poleni". Mtu anayesema "mita 112, kalavati moja, kaya kumi na moja" anaulizwa swali la pili.

Kosa tulilofanya baada ya hapo lilitugharimu wiki kadhaa, na nimeona wengi wakilifanya. Tuliandika barua nzuri tukaipeleka halmashauri. Tukaambiwa, kwa adabu, kwamba barabara ile na mtaro wake viko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Hatukujua. Wakala huo ulianzishwa mwaka 2017, na tangu hapo barabara za mijini na vijijini ambazo zamani zilikuwa mikononi mwa halmashauri zimehamia kwake, pamoja na mifereji na makalavati yake. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Bomba la maji lililopasuka ni la mamlaka ya maji ya mji. Taka, masoko, zahanati, shule za msingi, hayo ndiyo ya halmashauri. Kabla hujaandika barua, muulize mtendaji wa mtaa swali moja: hiki ni cha nani? Atakujibu bila shida, na utajiokolea nauli.

Hata hivyo, usiruke ngazi ya mtaa kwa sababu mwenye mali ni mwingine. TARURA nao wanahitaji kujua mtaa unataka barabara ipi kabla ya nyingine, na hilo linasemwa kwenye vikao vilevile. Barua ya mtu mmoja ni barua ya mtu mmoja. Kipaumbele kilichopitishwa na mkutano wa wananchi, kikapita Kata, kinamfika mhandisi kikiwa na uzito mwingine.

Nije kwenye mkutano wenyewe, maana hapa ndipo penye siri.

Ajenda za mkutano wa mtaa zinafanana karibu kila mahali: kufungua mkutano, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo (yaani yaliyotokana na muhtasari huo), taarifa ya mapato na matumizi, taarifa ya maendeleo au ulinzi, mengineyo, kufunga. Wananchi wengi tukiwa na kero tunakaa nayo kifuani tukisubiri mengineyo. Mengineyo inafika saa kumi na mbili kasoro. Jua linazama, akina mama wanafikiria moto wa jioni, nusu ya watu wameshaondoka, mwenyekiti ana sauti ya kukauka. Unasema, watu wanaitikia kweli kweli, mwenyekiti anasema tumelipokea, mkutano unafungwa. Umesema na haujasema.

Babu alinifundisha kufanya tofauti. Wiki mbili kabla, nilipeleka kwa mtendaji barua fupi ya kuomba suala la mtaro liwe ajenda inayojitegemea, nikaiambatanisha na ule ukurasa wa vipimo na majina na sahihi za kaya kumi na moja. Niliomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ile nakala bado ninayo. Siku ya mkutano, Oktoba 2020, suala letu lilikuwa la tano, kabla ya mengineyo, na nilisimama watu wote wakiwa bado wamekaa.

Lakini hata hapo bado hujamaliza. Wakati watu wanapiga makofi, wewe msikilize katibu anaandika nini. Mtendaji ndiye katibu wa mkutano, na kilichomo kwenye muhtasari wake ndicho kitakachopanda Kata, makofi hayapandi. Niliomba radhi nikauliza, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba katibu atusomee azimio lilivyoandikwa." Lilikuwa limeandikwa "wananchi walilalamikia mafuriko". Tukaomba lirekebishwe: mkutano umeazimia kwamba ujenzi wa mtaro wa mita 112 na kalavati moja uwe kipaumbele cha kwanza cha mtaa kwa mwaka wa fedha 2021/22. Lilibishaniwa. Watu wa upande wa shule walitaka madarasa yawe ya kwanza, na walikuwa na haki. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono na tukawa wa pili. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Nafasi ya pili iliyoandikwa ilinitosha.

Kuna uzuri mwingine wa kuingia kwenye muhtasari ambao watu hawauoni. Jambo likishaandikwa humo, mkutano unaofuata linarudi lenyewe kama yatokanayo. Huhitaji tena kuomba nafasi. Unakaa kwenye kiti chako, muhtasari unasomwa, namba ya azimio inatajwa, na mwenyekiti anawajibika kueleza limefika wapi. Mikutano ya mtaa inatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo kwa mwaka mmoja mtaro wetu uliulizwa mara kadhaa bila mtu yeyote kugombana na mtu. Wewe hudhuria tu. Siku mwenye hoja asipokuwepo, yatokanayo hupitishwa haraka.

Februari 2021 tulikwenda watu wanne kusikiliza kikao cha Baraza la Madiwani. Wananchi wanaruhusiwa kuingia. Huongei, unakaa nyuma na kusikiliza. Nilivaa vizuri kama ninaenda kanisani. Nilitaka diwani wetu akigeuka aone nyuso za watu wa kata yake, na alituona. Sijui kama hilo lilibadilisha chochote siku ile. Ninachojua ni kwamba baada ya hapo alikuwa akikutana nami sokoni, yeye ndiye anayeanza kunieleza suala limefika wapi.

Na tulikuwa na bahati, lazima niseme. Bajeti ya mwaka huo wa 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Tulinung'unika wote kwenye daladala kwa sababu hiyo. Lakini mwaka huohuo ndio mtaro wetu ulijengwa: kalavati jipya lenye bomba pana, na mtaro wa mawe na saruji. Sisi wakazi tulichangia nguvu, tukachimba na kuzoa udongo Jumamosi mbili, na kijana mwenye mkokoteni akabeba mawe bila kudai hela. Fedha iliishia mita 90, siyo 112.

Naomba niongeze mambo machache ambayo wasomaji, hasa wanawake wenzangu na wapangaji, huwa wananiuliza.

La kwanza ni hili la kupanga. Kwa miaka sita nilidhani mkutano wa mtaa ni wa wenye nyumba. Mkutano ni wa wakazi wa mtaa wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hakuna anayeuliza hati ya kiwanja. Tena sisi wapangaji ndio tunaolala kwenye vyumba vya mbele vinavyoingiwa na maji. Mwenye nyumba wangu anaishi kata nyingine kabisa. Tusiposema sisi, atasema nani?

Watu wengi pia wanachanganya mjumbe wa shina, yule tunayemwita balozi wa nyumba kumi, na mjumbe wa kamati ya mtaa. Balozi ni kiongozi wa chama. Ni mtu mzuri wa kujua mambo ya jirani, na akikuelewa atakusaidia kueneza habari, lakini ukimwachia kero ukadhani umeifikisha serikalini, umeiacha njiani. Uifikishe kwa mwenyekiti wa mtaa, wajumbe wake wa kamati, na mtendaji. Mwenyekiti tunamchagua wenyewe. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, na viongozi wengine wakibadilika yeye ndiye anabaki na mafaili, kwa hiyo jenga naye heshima.

Kuhusu heshima, sikubaliani na wanaosema lazima upige meza ndipo usikilizwe. Mwenyekiti wa mtaa hana bajeti yake, hana mamlaka ya kutoza kodi, mara nyingi ofisi yake ni chumba kimoja chenye meza na benchi, na saa nne usiku watu wanamgongea mlango kwa ugomvi wa mume na mke. Nilipoanza kumsalimia na kumuuliza mambo ya mtaa hata nikiwa sina shida, ndipo alipoanza kuniambia mapema: mama, wiki ijayo kuna kikao cha Kata, lete ile karatasi yako. Upole huu una mpaka, lakini. Taarifa ya mapato na matumizi isiposomwa, ulizia, na uliza mbele ya watu. Mchango wowote unaodaiwa, dai stakabadhi. Ukiona michango inakusanywa kwa daftari la mkononi na hakuna stakabadhi, usitoe, na mwambie jirani yako naye asitoe mpaka ipatikane. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona kazi nzuri za mitaa zikifa kwa jambo hilo moja: watu wakishahisi fedha yao imeliwa mara moja, mkutano unaofuata utawapata viongozi na viti vitupu.

Ukihitaji taarifa ya maandishi na huipati kwa mdomo, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Unaandika ombi, na ofisi ya umma ina siku 30 za kukujibu. Sisi hatukuhitaji kufika huko. Kulijua tu kunakuondolea woga wa kuuliza.

Ubao wa matangazo wa ofisi ya kata nao usomwe. Kama si ubao ule nisingejua kuhusu ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi chetu cha mafundi wanawake kilianzia kwenye lile benchi la kusubiri muhtasari, kwa sababu tulikuwa tunakutana pale watu walewale kila mara tukagundua kwamba wote tunashona.

Sasa nimalizie habari ya mtaro, maana haikuishia tulipojengewa.

Vuli ya 2022 ilikuwa na mvua chache, hatukupata kuujaribu. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kwamba msimu unaokuja utakuwa na El Niño na mvua zitazidi wastani. Wengine walidhani ni maneno ya redioni. Sisi tulizibua mtaro Septemba, tukatoa udongo, tukaweka nondo mdomoni mwa kalavati kuzuia chupa. Mvua zilikuja kama zilivyotabiriwa. Katika mkoa wa jirani wa Manyara, tarehe 3 Desemba, maporomoko kutoka Mlima Hanang yaliua watu wengi kule Katesh, na kwa siku kadhaa huku kwetu hakuna aliyeongea jambo jingine. Usiku mmoja wa mvua hizo nilikaa macho nikiwa nimeweka marobota yote juu ya meza na kitanda, taa ya simu mkononi, nikimulika chini ya mlango. Sakafu ilibaki kavu mpaka asubuhi.

Asubuhi nilitoka kwenda kuangalia. Maji yalikuwa yamepita mita zetu 90 kwa kasi kama maji ya mfereji wa shambani, na pale saruji ilipoishia yalikuwa yamechimba shimo, yakageuka, yakaingia kwenye nyumba nne za chini ambazo miaka yote hazikuwahi kupata mafuriko makubwa. Mama mmoja anayeuza maandazi alikuwa ametoa godoro lake nje na magunia mawili ya unga ulioloa. Aliniangalia hakusema kitu. Zamani maji yale yalikuwa yakitapakaa kwetu, yakipungua nguvu kabla hayajamfikia. Sisi tuliyanyoosha tukampelekea yeye.

Nilitamani kusema kwamba fedha ndiyo haikutosha, na ingekuwa kweli, lakini lile godoro lilikuwa pale mbele yangu. Nilichojifunza nakitoa kwako kama ushauri wa dhati: unapopima kero yako, pima mpaka maji yanapokwenda kuishia. Mhandisi atakushukuru, na jirani yako wa chini atalala. Mwaka 2020 tulipima mpaka mwisho wa nyumba zetu kwa sababu ndipo maumivu yetu yalipoishia. Tungeshuka hatua mia moja zaidi tungeona kijito, na tungeandika namba sahihi tangu mwanzo.

Nilirudi ndani nikatoa ile kamba yenye mafundo. Mvua ilikuwa imeanza tena, manyunyu. Nilimwamkia mama wa maandazi, nikampa pole, nikamwambia twende tupime. Hakujibu mara moja. Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari la mwanawe la hesabu na kalamu ya risasi. Tuliteremka mpaka kwenye kijito, yeye akihesabu mafundo kwa sauti na kuandika, mimi nikimshikia mwavuli juu ya karatasi.